Dume Aliyepewa Jina la Nev

Glenys Pascoe alikuwa anapiga pasi shuka alipomsikia mwanamke wa televisheni akisema kwamba Nev anaweza kumuua mtoto kabla mama mtu hajamaliza kutafuta funguo za gari.

Pasi aliiacha hapo hapo ilipokuwa, imelala kifudifudi juu ya shuka.

Nev lilikuwa jina la mdogo wake. Kwenye karatasi za serikali aliandikwa Neville, lakini karatasi haijawahi kumwita mtu aje kunywa chai. Nyumbani alikuwa Nev, na alikufa akiwa Nev, meno ya mbele hayajamalizika kuota. Sasa kwenye televisheni alionekana buibui mweusi, anang'aa kama kiatu cha polisi siku ya gwaride, kainua miguu ya mbele na sumu inamchuruzika menoni. Chini yake waliandika kwa rangi ya njano: NEV, DUME LA MWAKA. Kando ya kisanduku cha kioo, na ile kofia yake ya kuendea harusi, alisimama shemeji yake Wayne, anachekelea mpaka fizi zinaonekana.

"Ni jina la ukoo," Wayne alikuwa anamweleza mtangazaji. "Nev wetu alikuwa mtundu hivi hivi."

Glenys alizinduka aliposikia harufu ya kuungua. Aliichomoa pasi ukutani, akaitazama ile alama ya kahawia kwenye shuka, akavaa viatu. Alivikung'uta kwanza, kisigino chini, mara mbili, maana mtu wa Newcastle, hii yetu ya Australia, hata akiwa anakwenda kugombana lazima akung'ute viatu.

Na ninyi mnaoparamia meza mkiona mende, tulieni niwaambie habari za mnyama mwenyewe. Huyu si yule buibui wa kona ya dari anayekula mbu wenu. Huyu anaishi ardhini, chini ya jiwe au gogo lenye unyevu, katika shimo alilolitandika hariri yake mwenyewe, na mlangoni ametanua utando kama faneli ya kumiminia mafuta. Jike hatoki. Dume ndiye mzururaji. Mvua za kiangazi zikishanyesha anatoka kutafuta mke, na kwa kuwa akili hana, anamtafuta ndani ya kiatu chako, kwenye taulo lako, kwenye kikapu cha nguo chafu. Sydney wanao wao na wanajivunia sana. Wa kwetu ni mkubwa zaidi, mwili wake tu ni kama tende iliyoiva vizuri, na mtu wa Sydney akibisha aje Wallsend nimtembeze uani. Wakubwa kabisa watu wa huku huwaita madume, hivi hivi, kama wanaongelea wapwa zao waliokula vizuri.

Dume ndiye aliyemuuma Nev, kiganjani, asubuhi ya siku ya shule, na kabla ya jua kufika utosini mtoto hakuwepo tena. Enzi hizo dawa haikuwapo. Baba yao alimfunga kamba mkononi mpaka mkono ukawa wa zambarau, maana ndivyo walivyojua. Baada ya mazishi akatoka na dumu la mafuta ya taa, akamimina kwenye kila tundu la uani, akatia moto. Majirani walisimama nje ya uzio na vikombe vya chai. Glenys alikuwa anabeba viberiti.

Akakua hivyo, anaua. Kwa kandambili, kwa koleo, kwa maji ya moto ya birika. Aliolewa na Ross, kaka yake Wayne, na siku ya harusi alimponda mmoja kanisani kwa kiatu cheupe. Halafu madaktari wakapata dawa. Hapo ndipo mama wa watu alipowekwa njia panda, maana dawa yenyewe hutengenezwa kwa sumu ya buibui huyo huyo, tena dume, tena awe hai. Hospitali ikatangaza: mkimwona msiue, mkamateni, leteni mapokezi.

Mtu mwingine angesema kalaghabaho. Glenys alikaa na tangazo lile wiki nzima, kanuna. Kisha akatoboa kifuniko cha chupa ya jemu kwa msumari, akatia udongo wenye unyevu na kipande cha pamba iliyolowa, akachukua upawa wa supu wenye mpini mrefu, akatoka uani.

"Nakuchukia," alimwambia wa kwanza wakati anamsukumia chupani. "Kaa vizuri usikauke."

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yake nje ya kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kuendesha basi la shule, na watoto wa Wallsend walimwita Mama Breki, maana ukitema mate dirishani alisimamisha gari barabarani, akakugeukia, na hapo hata mama yako asingekusaidia. Kila kiangazi aliwapeleka hospitalini, chupa kwenye kiti cha mbele, amezifunga mkanda. Kila dume alimwambia anamchukia. Kila dume alimfikisha akiwa hai. Mume alizikwa, basi akalikabidhi kwa wengine, goti likaharibika, na bado alikuwa akienda na chupa zake. Na tangu dawa ile ianze kutumika, huku hajazikwa mtu kwa jino la buibui. Hilo mnaweza kuwaulizia wazee.

Mwaka huu ndipo alipomkuta yule mkubwa, amejibanza ndani ya mpira wa kumwagilia maua, mkubwa mpaka chupa ya jemu haikumtosha, akatafuta ya achari. Gari lake lilikuwa gereji, giaboksi imekufa. Akamwita Wayne.

"Ifikishe mapokezi halafu urudi," alimwambia. "Usiifungue. Usimwonyeshe mtu."

"Shemeji, mimi si mtoto."

"Ndiyo maana nakwambia."

Basi hayo ndiyo matokeo yake.

Wayne alikuwa amesharudi kutoka kwenye umaarufu, yuko uani kwake anachoma soseji, kofia ya harusi bado kichwani. Alipomwona anapita getini na goti lake bovu alinyanyua koleo la kugeuzia soseji kama anamsalimu mfalme.

"Umeniona, shemeji? Nilitokea vizuri, eh? Wamesema uso wangu ni wa televisheni."

"Ondoa."

"Niondoe nini?"

"Jina la Nev. Liondoe kwa yule mdudu."

Wayne alicheka, maana alidhani wanaendelea na utani wao wa siku zote. Hawa wawili walikuwa wametaniana tangu siku ile ya harusi. Yeye humwambia Glenys kwamba Ross alikufa mapema ili apumzike, naye humwambia kichwa chake kiko wazi ndani na nje. Lakini leo alipomtazama vizuri soseji ikamponyoka.

"Glenys, nilitaka kumpa heshima. Pale mapokezi walipomwona walishangaa, wakaita watu wa bustani ya wanyama, wakaja na kamera. Wakaniuliza nimwite nani. Nikasema, huyu shemeji yangu amehangaika miaka yote kwa ajili ya mdogo wake, basi aitwe Nev, jina lisipotee."

"Lilikuwa limepotea?"

"Hapana, lakini..."

"Nani alikwambia limepotea, Wayne? Mimi nilikwambia? Leo yule mwanamke kasimama na rangi yake ya mdomo akasema Nev anaua watoto. Nev. Anaua watoto. Na wewe uko pembeni unatoa fizi."

"Ni utani tu. Kila mwaka yule dume mkubwa wanampa jina. Mwaka jana alikuwa..."

"Sijali wa mwaka jana alikuwa nani. Wa mwaka jana hakuwa ndugu yangu."

Akageuka. Wayne alimwita nyuma yake, "Chukua basi hata soseji," na hilo lilimzidishia hasira, maana watu wa huku hata nyumba ikiungua lazima mmoja atauliza kama umekula.

Akaenda kupiga simu bustani ya wanyama. Binti aliyepokea alikuwa mchangamfu kama redio ya asubuhi. Akasema wao pia wanampenda Nev. Akasema wameshatengeneza Nev wa kitambaa, watoto wanawagombania, na kofia zenye miguu minane zinakuja. Glenys alisema hataki. Binti akauliza hataki kofia? Glenys akakata simu, akaiweka mezani taratibu sana, kama mtu anayeogopa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi kulikuwa na maonyesho, dume atakamuliwa sumu mbele ya watu. Glenys aliamua atakwenda mwenyewe. Gari bado lilikuwa gereji. Aliyekuwa na gari ni Wayne, na Wayne alikuwa mgeni rasmi.

Hebu fikirieni safari hiyo. Wayne ameoga, amenyoa, anaendesha kama yuko kwenye mtihani wa leseni. Glenys ametazama dirishani, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Walipita miti, walipita vituo vya mafuta. Mwisho Wayne akashindwa, maana huyu bwana ukimya humwasha kama upupu.

"Utanuna mpaka tufike?"

"Endesha."

"Ross angekuwepo angecheka. Ross mwenyewe aliniambia Nev alikuwa mchokozi. Aliniambia alimchezea buibui, ndiyo ikawa ile."

"Ross aliambiwa alichoambiwa. Hakumchezea."

"Sasa ilikuwaje?"

Glenys hakuwahi kumwambia mtu. Siyo mumewe, siyo mchungaji, siyo baba yake alipokuwa akimimina yale mafuta ya taa. Nadhani alimwambia Wayne kwa sababu alikuwa na hasira naye kuliko mtu yeyote duniani, na hasira ikijaa humwagika hapo hapo ulipo.

"Alimkuta buibui kwenye beseni la kufulia," alisema. "Chini kabisa ya maji, amejikunja, alilala humo usiku kucha. Akadhani amekufa. Kila mtu angedhani. Hujui kwamba wanabaki na pumzi kwenye manyoya yao, wanakaa tu wanasubiri. Akamwokota, akamfumbata, akaja jikoni. Akaniambia, Glen, toa mkono nikupe peremende."

Wayne alipunguza mwendo.

"Nikatoa mkono. Alijua nawaogopa. Nimesimama hivi, mkono umenyooka, yeye anacheka kile kicheko chake, anaanza kufungua vidole. Halafu akaacha kucheka. Akanitazama kama mimi ndiye niliyemfanyia kitu. Akarudisha mkono nyuma, Wayne. Angeweza kumtupa, angemtupa kwangu. Akarudisha mkono nyuma."

Gari la nyuma likapiga honi. Wayne hakusikia.

"Kwa hiyo usiniambie tena kuhusu utundu wa Nev. Naujua mpaka mwisho wake. Endesha, watu wanapiga honi."

Bustanini palikuwa pamejaa. Watoto na baba zao wenye kaptula, mama zao wenye vigari vya kusukuma, harufu ya chipsi na mafuta ya kujikinga na jua. Kila mtoto wa tatu amekumbatia buibui wa kitambaa. Wayne alipewa kiti cha mbele chenye utepe, na Glenys akakaa cha pembeni yake bila kualikwa. Jukwaani alisimama binti mwenye nguo za kaki na kipaza sauti cha kubandika shavuni. Glenys alimtambua kabla hata hajafungua mdomo. Ni Kirra Dunstan. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja alishushwa kwenye basi kwa kubandika bazoka aliyoitafuna kwenye kiti, akatembea kwenda nyumbani huku basi linamfuata polepole nyuma ili asipatwe na kitu.

"Watoto," Kirra alisema, "nani amekuja kumwona Nev?"

"Sisi."

"Na Nev anaweza kufanya nini?"

"Kuua," watoto wakaitikia wote pamoja, kwa raha zao. Walishafundishwa.

Glenys akasimama. Kusimama kwake siku hizi kunachukua muda, lazima ashike kiti, lazima goti lilie kwanza. Lakini alipomaliza kusimama alikuwa amesimama kweli.

"Kirra Dunstan."

Yule binti alinyooka kama bado ana mkoba wa shule mgongoni. "Bi Pascoe."

"Huyo si Nev."

Kipaza sauti kilikuwa wazi, watu wote wakasikia jibu la Kirra, ambalo lilikuwa kukohoa.

"Nev ni ndugu yangu," Glenys alisema. "Aliuawa na mnyama kama huyo, alikuwa na umri wa hawa hawa uliowakusanya hapa. Mmemchukua muuaji mkamvika jina la maiti, na sasa mnawafundisha watoto kuitikia."

Mzee mmoja mwenye kofia ya majani alisema kutoka nyuma, kwa upole, "Mama, ni mzaha tu."

"Baba, mimi sijakuuliza."

Kirra alizima kipaza sauti, akashuka jukwaani, akapiga magoti mbele ya Glenys kama wanavyofanya mbele ya mtu aliyezimia. "Sikujua, Bi Pascoe. Nakuapia, hakuna aliyenieleza."

"Sasa umejua. Ondoa."

"Nitaondoa. Lakini acha nikwambie kitu, halafu unitukane." Akateremsha sauti. "Miaka michache iliyopita tulikaribia kukosa sumu. Watu waliacha kuleta. Mtu akisikia buibui, mkono unakwenda kwenye kandambili. Tangu tuanze kumpa dume mkubwa jina la mtu, chupa zinakuja mpaka mapokezi wanaziweka kwenye friji ya chakula. Akisikia Nev, anatafuta chupa. Nikiondoa jina nikaweka namba, hawataleta. Na dawa inatoka humo tu."

Hapo Glenys alitaka kupiga kitu. Angekuwa amekosea huyu binti, ingekuwa nafuu, angemshusha kwenye basi kwa mara ya pili. Lakini hakukosea. Yeye mwenyewe miaka yote hiyo alikuwa anapeleka chupa kwa sababu ya jina hilo hilo. Machozi ya hasira yakaanza kumpanda, na hayo aliyachukia kuliko buibui.

"Basi mpe jina jingine," alisema.

"Lipi? Lazima liwe la mtu."

"Mpeni langu," akasema Wayne.

Wote wawili wakamgeukia. Alikuwa ameshavua kofia, ameiweka mapajani.

"Unatafuta sifa mpaka hapa?" Glenys akamuuliza.

"Sitafuti sifa, shemeji."

"Maisha yako yote hujawahi kukataa sifa. Unaanza leo?"

"Naanza leo."

"Mdudu mwenyewe anakufaa. Miguu ina manyoya, na anaingia nyumba za watu bila hodi."

"Haya, basi ndiye mimi."

Hakutania. Kirra alimtazama Glenys, akasubiri. Glenys akainamisha kichwa, mara moja tu, kwa kukubali lakini si kwa kusamehe, na anayejua tofauti yake anaijua.

Kirra alirudi jukwaani, akachukua kalamu nene, akafuta, akaandika. Watoto waliguna kwanza, wenye wanasesere wakawatazama wanasesere wao kama wamedanganywa. Halafu baba mmoja akacheka, na mtoto wake akacheka, na wakalizoea jina kabla halijakauka. Buibui akaletwa kwenye kile kisanduku cha kioo. Alipoguswa na kijiti aliinuka, miguu minne juu, meno yamefunguka kama visu vya mfukoni.

"Watoto, huyu anaitwa nani?"

"Wayne."

"Na Wayne anaweza kufanya nini?" Kirra alisema kwa mazoea, akang'ata midomo, lakini lilikuwa limeshatoka.

"Kuua."

"Kuua nani?" akaropoka mtoto mmoja mbele kabisa, na wenzake wakampokea: "Kuua watoto. Wayne anaua watoto."

Wayne alikuwa amekwisha tayarisha tabasamu. Mtu mmoja alikuwa tayari ameinua simu ampige picha, yeye na jina lake nyuma. Lile tabasamu lilikaa usoni kidogo bila mwenyewe, kisha likashuka. Mbele yake kitoto cha kike kilikuwa kinatafuna mguu wa buibui wa kitambaa huku kinamtazama, kinarudia polepole, Wayne, Wayne, kama kinajifunza neno.

Juu kule Kirra alikuwa anapitisha bomba jembamba la kioo kwenye ncha ya jino, anafyonza. Glenys, kwa miaka yote ile ya chupa, hakuwahi kuona kazi hii. Alitoa miwani akavaa. Kilichoingia kwenye bomba kilikuwa tone, tena tone la aibu, ungelipata jichoni ungelifuta kwa kidole.

"Ni hiyo tu?" alisema, kwa hasira kabisa, na watu wa karibu wakajisogeza.

Kwenye maegesho Wayne alitia ufunguo lakini hakuwasha. Kofia aliisahau kwenye kiti cha utepe na hakurudi kuichukua.

"Walivyosema vile," alianza.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Jumamosi ijayo watasema tena. Na inayofuata. Shule zikifungwa watasema kila siku."

"Mpaka lini?"

"Mpaka afe. Madume hawaishi sana."

Wayne alifikiri. "Na akifa?"

"Watatangaza kwenye televisheni kwamba Wayne amekufa."

Basi la watalii likapita, watoto dirishani wamevaa zile kofia za miguu minane, zimeshafika.

"Nitazoea?" akauliza.

"Hapana," Glenys akasema. "Washa gari."